Mpunga Kwenye Chumba cha Betri

Namawala,
Alhamisi.

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu na Shangazi Brigitha anakutunza vizuri huko Mahenge. Sisi hapa ni wazima, Mama anakusalimu, ingawa tangu uondoke anashinda jikoni peke yake. Simu yako nimepiga mpaka nimechoka, inaita tu hupokei. Barua hii nampa Telesphory, konda wa basi, akukabidhi mkononi. Naandika nikiwa na hasira, Baba, hasira kwelikweli. Nisamehe mapema.

Mtambo wetu wa umeme wa jua umekufa. Paneli ni nzima, lakini betri zinazotunza umeme wa usiku zimeungua, na jua likizama kijiji kizima giza. Mafundi wa kampuni wamesema kuna mtu aliziba matundu ya hewa mle chumbani, betri zikachemka. Mimi msimamizi nilikuwa Ifakara kwenye mafunzo, ufunguo alikuwa nao msaidizi wangu Evod. Basi wamemkamata, eti mhujumu! Evod huyu huyu, anayefuta vumbi kwenye paneli kama anaogesha mtoto! Yuko mahabusu, mkewe Noela anampelekea uji, na Jumatatu anapandishwa kizimbani.

Kijiji nacho kimemgeuka. Wale wale waliokuwa wakimbembeleza awachajie simu ndio wanaosema alilala kazini, wengine eti kahongwa. Nilimjibu Agnella pale kisimani maneno ambayo usingependa kusikia yakitoka kinywani mwa binti yako.

Halafu nikaingia kufagia kile chumba. Nyuma ya betri nikakuta mpunga mbichi umemwagika, na gunia limepasuka, mdomo umeshonwa kwa mshono wa Mama, ule wa kwenda na kurudi. Nilikaa chini, Baba. Mvua za mwaka huu zimeozesha mpunga wa kila mtu, wa kwetu peke yake ukapona, nami mjinga nilikuwa namshukuru Mungu. Najua chumba kile kimeinuliwa, maji hayafiki, na kina kiyoyozi. Nani asingekitamani? Lakini kiyoyozi kile ni cha betri, si cha mpunga!

Nilikwenda kumwona Evod mahabusu, akalia mbele yangu. Akaniambia kwamba ulipomwomba ufunguo alikueleza hatari yote, nawe ukamjibu ni mpaka mvua ikate tu. Akasema hangeweza kumnyima baba yake wa ubatizo, aliyemsimamia mbele ya padre. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Evod kalisikia la mkuu, na guu ndilo limevunjika! Wewe ukatoa magunia yaliyoziba matundu alfajiri kabla mafundi hawajafika, ukapanda basi kwenda kutibiwa. Angekuwa mtu mwingine, Baba, ningemwita mtu mzima hovyo.

Sasa nikwambie nililofanya, usije ukalisikia kwa wengine. Jana nimekwenda polisi nikalitaja jina lako. Nililitaja lote, na la babu, mbele ya afande. Walipomuuliza Evod, akaapa kwamba mimi ni mwongo na magunia yalikuwa yake. Mtu asiye na hata jaruba moja! Afande akaandika hivyo hivyo. Nimekuvunjia heshima, Baba, na sijamwokoa mtu.

Kwa hiyo hakuna wa kumtoa ila wewe. Evod hatasema kamwe, mimi siaminiki, na Mama hawezi kusimama mahakamani dhidi ya mumewe. Njoo useme kwa kinywa chako kwamba ulimlazimisha. Basi la Jumamosi lina nafasi, nimeshamwambia Telesphory akuwekee kiti.

Msalimie sana Shangazi na wote wa hapo. Mungu akulinde njiani, kama utaianza.

Ni mimi, ambaye mpaka Jumatatu bado ni binti yako,

Frida