Mkanda Wenye Kifuniko

Mdogo wangu Sindano,

Pokea salamu za kaka yako, nyingi kuliko unavyostahili. Hujambo wewe? Mtoto mchanga hajambo? Na huo ubibi unauonaje, mgongo unakubali kubeba au umeshaanza kutafuta visingizio? Msalimie sana binti yako mzazi. Mwambie anywe uji wa moto na asikusikilize sana, maana wewe ulipomzaa yeye ulimsikiliza kila mtu isipokuwa mkunga. Huku kwetu wote wazima, na mimi ni mzima kupita wote.

Nakuandikia nikiwa nimekalia ngozi ya nyati. Dume lenyewe, pembe zimekutana juu ya paji kama ngumi mbili. Ni yule yule aliyekuwa akilala ndani ya mahindi ya chama cha wakulima na kuwafanya watu wazima wapande mapaa ya maghala. Nimemwangusha mwenyewe, kwa risasi moja, anakuja mbio, nami nimesimama wima napiga mluzi.

Haya. Nimeisoma tena hiyo aya nikaona haya, nami si mtu wa kuona haya. Nimekalia godoro la zahanati, lile la plastiki linalolia kila ukijigeuza, hata ukijikuna wodi nzima inajua. Mguu wa kulia uko ndani ya plasta, umening'inizwa kama paja buchani. Nyati amekufa kweli, hapo sikudanganya, ila aliyemuua ni mume wako. Najua ameshakupigia simu, na najua amekwambia kaka yako ameteleza. Kuteleza! Wazee wenzangu huteleza bafuni. Mimi sikuteleza, na ndiyo sababu nimemwomba nesi karatasi. Maneno haya hayafai simuni. Simuni wewe utalia, mimi nitaleta mzaha, tutakata tukiwa hatujasemezana kitu.

Nianzie mbali kidogo, uvumilie kusikia hata yale unayoyajua.

Unajua bunduki zetu za zamani zilivyokuwa zimechakaa. Yangu ilikuwa inakohoa kabla ya kulia. Chama kikakubali kutupatia mpya, mradi sisi wenyewe tuchague ni za risasi gani. Sasa mimi na shemeji Kofia (namwita hivyo na wewe unajua kwa nini, kofia ile alioa nayo, na nadhani hulala nayo) tuna desturi yetu. Mkubwa hutangulia akiwa na risasi chache kiunoni, awe mwepesi. Mdogo hufuata nyuma na mkanda uliojaa, yeye ndiye ghala. Mdogo mwenyewe sasa ana mjukuu, lakini kwangu ni mdogo. Anayetangulia zikimwishia, hageuki. Hunyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, macho kwa mnyama, na mwenzake humwekea risasi kiganjani. Basi ndiyo maana watu wawili hubeba risasi ya aina moja. Desturi hiyo imenirudisha nyumbani mara nyingi kuliko sala za mama, Mungu amrehemu, na mama alikuwa hodari wa kusali.

Tukaenda kwa Fundi Bunduki. Unakijua kile chumba chake, kinanuka mafuta ya mashine na vumbi la mbao, na kiti cha mgeni kina miguu mitatu na tofali. Akatandika kitambaa mezani, akasimamisha risasi mbili. Moja ni ile ambayo kwa kipimo cha mtutu huitwa ya mia tatu sabini na tano, ndefu, inapungua taratibu kuelekea juu, ina shingo ya mrembo. Nyingine ni ya mia nne kumi na sita, ganda lake nene kama chupa ya dawa ya kikohozi. Palepale nikazibatiza: Mwembamba na Mnene.

Mimi nilimtaka Mwembamba. Nilisema huyu anafika mbali bila kuinamainama njiani, hamvunji mpigaji bega, ukimpiga naye mnyama mdogo nyama inabaki, na nyati anaanguka vilevile ukijua pa kumpiga. Tena hata duka la mwisho la risasi duniani halimkosi. Kofia akasema kwamba nyati anayekuja mbio hampi mtu nafasi ya kuchagua pa kupiga, unapiga pale alipokuonyesha, na Mnene ana uzito wa kumsimamisha hata ukikosea kidogo. Nikamjibu kwamba anayekosea kidogo abaki nyumbani afuge kuku. Akasema kinachozungumza si akili yangu, ni bega langu linaogopa teke la Mnene. Nikamwambia bega hili hili ndilo lililombebea mke wake cherehani siku ya harusi, na mke wake ana shukrani kuliko yeye. Fundi alicheka mpaka miwani ikamtumbukia kwenye kopo la mafuta. Tulipomwomba aamue, alisema zote mbili zimeshaua nyati wengi, na wenye kila moja wameshauawa na nyati, kwa hiyo yeye hayumo.

Tulibishana chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Mwishowe Kofia akanishika mkono, akasema haya, Mwembamba, wewe ndiye mkubwa. Tukapeana mkono mbele ya Fundi. Nilishangaa kidogo alivyolainika, maana mumeo hulainika mbele ya vitu viwili tu, mto wa kulalia na wewe.

Bunduki zilipofika nilikuwa na homa. Alikwenda yeye kuzichukua na kuzijaribu. Akaniletea yangu, Mwembamba, nzuri sana, kitako kinakaa begani kama kimezaliwa hapo. Yake sikuigusa. Bunduki ya mwenzio ni kama mke wake, unaisalimia kwa mbali na kuiombea afya. Ila niliuona mkanda mpya kiunoni mwake, wa turubai, una kifuniko kinachoshuka juu ya vitanzi vyote vya risasi. Akasema ni cha kuzuia vumbi. Mdogo wangu, nilikisifu kile kifuniko! Nilisema hii ndiyo akili, siku zote tumekuwa wapumbavu kutembeza risasi uchi. Nikasema na mimi nitaomba nishonewe. Akainama ghafla kufunga kamba za viatu. Nilipaswa kushtuka hapo, kwa sababu alivaa buti za mpira, na buti za mpira hazina kamba.

Siku ya nyati tulimkuta ndani ya mahindi marefu, ana waya wa mtego mguuni, hasira zote za dunia amezibeba yeye. Nilitangulia. Risasi ya kwanza ilimpata nyuma ya bega, nzuri, hata wewe ungepiga makofi. Akakimbia. Tukafuata damu polepole, majani ya mahindi yanatupiga usoni, na kumbe mwenzetu alikuwa amezunguka na kusimama pembeni anatungoja. Alipotoka nilipiga ikagonga pembe. Nikapiga nyingine, ikaenda kuua mahindi. Bunduki ikawa tupu. Nikachukua za kiunoni, zikaniponyoka zikaanguka majanini. Mkono ulitetemeka. Haya, nimeandika, usinifanye niandike mara mbili.

Nikanyoosha mkono nyuma.

Na Kofia, kwa mazoea ya umri wetu wote wa kuwinda, akaniwekea risasi. Naamini mkono wake ulitangulia, akili ikabaki nyuma inapiga kelele. Kiganja changu kilijua kabla ya macho. Kitu kilikuwa kizito, kimejaa mkono, kinene. Bado nikakisukuma ndani ya bunduki, maana anayezama hushika hata povu. Kikagoma. Kilikaa pale mlangoni kama mgeni mwenye kitambi kwenye mlango wa choo, hakiingii na hakitoki, na nyati ameshafunika jua lote.

Bunduki ya Kofia ililia juu ya sikio langu. Lazima niseme haki, Mnene alifanya kazi yake. Alimwangusha nyati palepale. Tatizo ni kwamba palepale ndipo nilipokuwa mimi.

Alinitoa chini ya shingo ya yule mnyama kwa kuvuta na kulia. Akauweka mguu wangu kati ya mabua ya mahindi, akavua mkanda wake akaufunga nao, akanibeba mgongoni hadi barabarani. Njia nzima nilimtukana. Nilitumia matusi yangu yote, mengine yalikuwa ya babu, nilikuwa nimeyatunza. Yeye alikazana kutembea tu. Tangu hapo anakuja kila asubuhi na chupa ya uji, anakaa, anautazama mguu, anasema pole, anaondoka. Nilimwambia nesi kwamba huyu ni muuza majeneza, anakuja kunipima kwa macho.

Nilidhani nimesalitiwa na mtu mmoja. Mtu mmoja ningemudu. Shemeji si damu, ni mtu aliyekuja na barua ya posa, unaweza kumchukia na bado ukala vizuri.

Lakini nesi aliupangusa ule mkanda akautundika kwenye chuma cha kitanda, mbele ya uso wangu, na humu ndani hakuna kingine cha kutazama isipokuwa dari na mzee wa kitanda cha pili, naye hapendezi. Nikautazama. Nikaanza kuona kitu. Vitanzi vilikuwa vipana. Havikutanuliwa baadaye, vilikatwa hivyo tangu mwanzo, kwa kipimo cha Mnene. Na uzi uliopakwa nta ulikuwa umelala kushoto, kila mshono, kuanzia kitanzi cha kwanza hadi cha mwisho. Mafundi wote wa turubai ninaowajua, mishono yao hulala kulia. Yupo mmoja tu anayeshona kwa mkono wa kushoto. Mama alimfunga ule mkono kwa kitambaa aache, na mimi nilikuwa nikimfungulia mama akigeuka.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba nguo yenyewe imeshonwa na dada yako.

Kofia alipokuja na uji wake nikamwekea mkanda mapajani, nikamwonyesha mshono, nikanyamaza. Unajua mimi kunyamaza ni jambo la kuitiwa daktari. Akautazama. Kisha akavua kofia. Mdogo wangu, ana upara! Ungeniambia angalau hilo. Akasema ulikuwa umeniona mezani kwenu nikimwaga chai, mara moja, mara ya pili, nikasingizia mpini wa kikombe. Kwamba ulimwambia mkono wa kaka umekwisha, na hutaki kuletewa maiti mbili. Kwamba ulimtuma arudi kwa Fundi baada ya sisi kupeana mkono, abadilishe ya kwake achukue Mnene, ili siku mimi nikikosa yeye asikose. Aliuliza nani atamwambia Mdomo, yaani mimi, na wewe ukasema Mdomo asiambiwe, atatufanyia vituko na kututangaza njia nzima. Ukaichukua ile risasi nene mkononi mwako, ukaipima kwa uzi, ukakata turubai. Kisha ukashona na kifuniko.

Sikasiriki kwa sababu mlichagua Mnene. Huenda mlikuwa sahihi. Nyati yuko buchani na mimi napumua. Mkono unatetemeka, ndiyo, na chai nilimwaga, kikombe hakikuwa na kosa. Lakini mlikaa sebuleni kwenu mkanizika, mkamaliza matanga, kisha mkaniacha niende porini nikidhani ni mzima. Mngeniambia, ningewatukana siku mbili tatu, kisha ningejaza kiuno changu mwenyewe kwa risasi zangu mwenyewe. Nilibeba chache kwa sababu niliamini nyingine ziko nyuma yangu. Kila hatua ndani ya yale mahindi niliamini. Mkono wangu ulikuwa unanyooshwa kwenye ghala tupu, na aliyefunga mlango wa ghala alikuwa wewe, na mimi nikausifu mlango.

Usiku huwa nakunja vidole. Uzito wa ile risasi haujatoka kiganjani.

Daktari anasema mfupa utaunga, ila porini nisahau. Nimemjibu kwamba mimi ni hodari wa kusahau, nimesahau hata kumlipa kwa pole anayonipa kila asubuhi. Kofia anaendelea kuja. Uji wake nakunywa, maana uji hauna hatia. Siku hizi anakaa bila kofia, nadhani ni adhabu amejipa, na mzee wa kitanda cha pili amelalamikia mng'aro.

Nibusie mjukuu, na usimfunge mkono akitumia wa kushoto. Mwambie mama yake mjomba anampenda. Wewe nakupenda pia, ila kwa sasa nakupenda kwa mbali, kama bunduki ya mtu.

Kabla sijaweka kalamu chini, una deni langu dogo. Siku ya harusi yako, nilipoitua ile cherehani mlangoni kwa mumeo na shingo imenipinda, uliapa kwamba siku nitakayotaka kushonewa kitu chochote, utashona bila kuuliza cha nini. Sijawahi kuomba hata kifungo. Sasa naomba. Nishonee mkanda wa kwangu. Vitanzi viwe vyembamba, kwa kipimo cha Mwembamba, na viwe vingi vizunguke kiuno chote, vimtoshe mtu mmoja asiye na mwenzake nyuma. Ushone kwa mkono wako wa kushoto. Na tafadhali, usiweke kifuniko.

Kaka yako,
Mdomo