Nondo Asiyetajwa Jina

Morogoro, 1 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Ugonile, umeamka salama? Mimi mzima, ila utafiti wa chuo unanikondesha. Baba hajambo? Babu Yohana bado anakohoa?

Mtego wa nondo umefika na basi? Usiogope, ni ndoo, taa ya sola na trei za mayai. Uweke bustanini karibu na migomba. Giza likiingia taa inawaka yenyewe, nondo wanafuata mwanga na kulala kwenye trei. Asubuhi, kabla hujafungulia kuku, hesabu kila aina, andika inafananaje, chini weka jumla, kisha waachie. Asubuhi arobaini mfululizo, kuanzia tarehe tano. Simu yenu ya kitochi haipigi picha, kwa hiyo daftari ndilo tegemeo langu. Wape majina yoyote utakayoyakumbuka.

Mwanao,
Kisa

Ngonga, 11 Machi 2024

Mwanangu Kisa,

Marahaba. Tumeamka salama, mpunga umestawi, baba yako analalamikia mgongo kama kawaida. Kikohozi cha babu yako kimepungua.

Trei zilikuja bila mayai, nikadhani umeibiwa njiani. Nondo nimewapa majina ya watu ninaowajua. Jana: Mzee wa Kanisa (kijivu, kola nyeupe), kumi na wanne. Marta jirani (mwembamba, hatulii), tisa. Abdallah wa duka la Bondeni (mweupe mwili mzima, kanzu tupu), sita. Jumla thelathini na mmoja. Kurasa za siku zilizotangulia nimezinakili, zimo humu. Marta usimwambie.

Kumbikumbi walioingia nimewakaanga. Au nao ulitaka wahesabiwe?

Mama yako

Morogoro, 16 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Msimamizi wangu, Dokta Salma, alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akajumlisha. Kumi na wanne, tisa na sita ni ishirini na tisa, Mama! Wawili wako wapi? Kila ukurasa kuna wanaopungua. Amesema hesabu zisipokubaliana kazi haipokei, nami nitarudia mwaka. Ni kuku? Sema tu, sitakasirika.

Mwanao,
Kisa

Ngonga, 21 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nafurahi u mzima. Huku mvua nzuri, kakao inazaa, mbuzi wa Marta amekula sare ya kwaya. Kuku hawahusiki. Hao wanaopungua niliwaona, ndiyo maana wamo kwenye jumla. Waliruka salama. Nimekuwekea usipa, dagaa wetu wa ziwani, ukaange na nyanya.

Mama yako

Morogoro, 25 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Usipa mtamu. Nondo wangu wako wapi?

Mwanao anayelia

Ngonga, 30 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Pole, usilie. Nakwambia, lakini yaishie kwako.

Kuna mmoja mkubwa. Siku ya kwanza nilipoinua trei alikuwa amekaa peke yake, kahawia, mabega mapana, sharubu zimesimama, ananikazia macho. Nikamwona baba mkwe kabisa! Nilifunika ndoo nikakimbilia jikoni.

Unajua nilivyolelewa. Tangu niolewe, miaka ishirini na saba, sijamtazama babu yako usoni wala kumtaja jina. Nikimwona njiani naingia mpungani mpaka apite. Mchungaji anasema mambo hayo yamepitwa na wakati, lakini mchungaji hakufundwa na mama yangu. Sasa huyo nondo nimwiteje? Nilijaribu kumwita Ng'ombe, ikawa vibaya zaidi, kama namtukana. Basi kila asubuhi nageuza uso, nahesabu kwa pembeni ya jicho, mmoja au wawili, nafungua mfuniko aende na heshima zake. Kudanganya jumla siwezi, na kumwandika siwezi.

Mama yako

Morogoro, 3 Aprili 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Nimecheka, nikalia, nikacheka tena. Nisamehe kwa ukali. Jumla zako zimetuokoa, maana wanaopungua wote ni wa aina hiyo moja. Ila Dokta Salma anataka maelezo ya mtu aliyemtazama vizuri, kabla ya tarehe ishirini. Baba haoni vya karibu. Naona anayeweza kumkodolea macho Babu bila kosa ni Babu mwenyewe. Mtume Baba akamwombe.

Mwanao,
Kisa

Morogoro, 24 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Nimepita! Dokta Salma aliusoma ukurasa wa Babu mbele ya darasa zima: "Nondo wawili, wakubwa. Kahawia. Mabawani macho manne ya kuchorwa. Sharubu kama unyoya. Nimewatazama nusu saa. Hawafanani na mimi hata kidogo. Yohana."

Sasa chuo kinaudai mtego. Utume kwa basi la Jumatatu. Ndaga fijo, asante sana, Mama.

Mwanao,
Kisa

Ngonga, 2 Mei 2024

Mwanangu msomi,

Marahaba. Hongera! Nilipiga vigelegele mpaka Marta akaja mbio na mwiko, akidhani ni nyoka.

Kuhusu mtego. Babu yako alikuja kila asubuhi mpaka arobaini zikaisha, na koti lake la kanisani. Mimi nilikuwa nangoja kwenye kakao mpaka aondoke. Sikuweza kumwacha mtu mzima ahesabu na njaa, nikamfunikia chai na ndizi karibu na daftari. Siku ya pili nikakuta ameandika chini ya jumla: "Sukari nyingi." Nikaandika: "Nitapunguza." Kesho yake: "Sasa sawa. Mama yako mzima?" Ikawa hivyo kila siku. Ameniandikia hata jinsi marehemu bibi yako alivyonichagua. Kisa, miaka ishirini na saba, ndiyo kwanza tunazungumza. Wino uliosambaa kwenye kurasa za mwisho nilizokunakilia si mvua, ni mimi.

Arobaini zilipoisha niliufunga mtego kwenye boksi. Asubuhi alikuja vilevile, akakuta bustani tupu. Aliandika: "Leo hakuna?" Chai hakuigusa.

Jioni ileile niliufungua, nikauweka palepale. Mtego siurudishi. Waambie umeliwa na mbuzi wa Marta. Na daftari limejaa, nitumie jingine, liwe nene.

Mama yako