Kokoro la Mama Mkwe

Mpendwa Mama Bhoke,

Shikamoo. Nisaidie mawazo kabla sijapoteza mke au kazi, maana naona vyote viwili vimeshika njia moja. Mimi ni wakala wa samaki hapa Musoma, nakusanya sangara kwenye mwalo mmoja, ufuko wanakoshushia samaki, upande wa Nyegina na kuwaleta Mwigobero kwenye gari la kiwanda. Zamani nilikuwaga fundi wa mashine kiwanda cha nguo, wakatupunguza, ruksa ya biashara ilipokuja na viwanda vya samaki navyo vikaja, nikasema potelea mbali, nikaingia kwenye samaki, na namshukuru Mungu watoto wanakula.

Sasa tangu Ulaya watufungie samaki kwa habari ya sumu na kutufungulia tena, kiwanda kimepata mnunuzi mkubwa, duka la huko lenye matawi mji kwa mji, na duka hilo lina masharti yake, samaki asilazwe mchangani, asivuliwe kwa sumu wala kwa nyavu za macho madogo, na kokoro ndilo hawataki hata kulisikia likitajwa, kwa sababu ni wavu mrefu, linakokotwa kutoka majini mpaka nchi kavu na linazoa mpaka vifaranga vya sangara kwenye mazalia. Kila wakala anabeba dhamana ya mwalo wake, likionekana kokoro moja mwalo wote unakatwa, hata wavuvi wenye nyavu halali. Bwana wa kiwanda akatuuliza mkutanoni, nani mwalo wake ni safi? Mama, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza.

Na kokoro lipo. Ni la mama mkwe wangu, jina lake sitaji, unajua mila zetu, na ubaya zaidi nililipeleka mimi mwenyewe, maana nilipomuoa Helena sisi kwetu Mugeta ni watu wa ng'ombe na wao ni watu wa ziwa, nikapeleka ng'ombe wa baba wakapokea, ilipofika zamu ya ng'ombe wa mama wakasema huyu mama hana wa kumchungia, mpe kokoro, nikanunua, likapokelewa kwa vigelegele, mshenga wangu Wenceslaus ni shahidi. Tangu hapo linavutwa kila asubuhi, na desturi yao kila anayeshika kamba anapata kitoweo, kwa hiyo wajane wote wa pale wanavuta na wanakula.

Basi nikajifanya mjanja. Nikamtuma shemeji yangu Masatu akamwambie mama alifiche kokoro kwenye shamba la mihogo mpaka wageni wa duka wanaokuja kukagua wapite. Akarudi na jibu: "Mwambie mkwe wangu, kitu nilichopewa mchana mbele za watu siwezi kukificha kama nimeiba." Nikamtuma tena, nikasema basi nilichukue nikalichome, nitamfikiria baadaye. Loo! Sikujua nimesema nini. Kwao ukichukua mahari, hata kipande, umemrudisha binti. Helena amefunga nguo zake kwenye kanga, kifurushi kiko mlangoni, hajaondoka lakini hakifungui. Ananiambia, "Baba Danford, siku kokoro likitoka kwa mama, na mimi narudi kwetu." Na wageni wanakuja wiki ijayo. Nikisema ukweli namponza mama mkwe, nikinyamaza nawaponza wavuvi wote, nikilichukua nimemwacha mke ninayempenda. Silali. Nifanyeje?

Wako,
Leodgar, Mwigobero

*

Leodgar, marahaba.

Pole, baba, lakini sikiliza. Ulinyoosha mkono haraka, sasa ushushe haraka hivyo hivyo. Kesho asubuhi nenda kwa huyo bwana wa kiwanda, mwambie mwalo wako una kokoro moja na unashughulika litoke. Atafoka. Mwache afoke. Wavuvi walionunua nyavu halali kwa jasho lao hawakukutuma ukawasemee uongo, na wageni wakilikuta wenyewe hakuna atakayekusikiliza tena.

Halafu huyo mama mkwe. Katika barua yako yote yeye ndiye aliyekataa kudanganya, na wewe ndiye unayemwona kikwazo! Ulitaka mama wa watu afukie mahari ya binti yake kwenye mihogo? Ebo! Huna haya?

Najua watakuwepo wa kusema Wazungu wa dukani wanatupangia ziwa letu. Mimi nimekulia kando ya ziwa hili, na sangara ninaowaona sokoni siku hizi ni wadogo hata wanaingia wazima kwenye sufuria ya nyumbani. Sharti hilo tulipaswa kujiwekea sisi kabla hajaja mtu kutuwekea. Ila inaniuma, nasema wazi, kwamba uzito wake unamwangukia kwanza mjane anayeshika kamba ili apate mboga.

Sasa mahari. Mila inakataza kuichukua, haikatazi kuibadilisha. Kwenu Mugeta ng'ombe wa mahari akionekana mgonjwa mnafanyaje? Mnapeleka mzima kwanza, akishaingia zizini ndipo mgonjwa anatoka. Wewe ulitaka mgonjwa atoke halafu "utamfikiria" mama. Hapo ndipo ulipomwacha mkeo bila kujua. Nenda kwa ndugu zako, omba mtamba mwenye mimba, si kile kidume kilichokonda mnachotafuta pa kukitupa. Mchukue Wenceslaus yule yule, mfike mchana, na walioshuhudia mwanzo wawepo. Nani atamchunga, elewana na Masatu mapema. Mtamba akishapokelewa, kokoro litolewe na mama kwa mkono wake. Akitaka kulipeleka kwa bwana samaki wa serikali mwenyewe, aende, ni lake.

Na ukishapata amani yako usiwape wajane mgongo. Kama samaki hawatakiwi kulazwa mchangani, basi ipo kazi ya kuosha mwalo, kupanga samaki, kubeba barafu. Wape wao, walipwe, na kitoweo juu yake. Haitawatosha kama kokoro lilivyowatosha, sikudanganyi. Waambie wewe, wasije wakasikia kwa watu.

Helena mweleze leo, kabla hujaenda kokote. Mwanamke anayetaka kuondoka haweki kifurushi mlangoni akakiacha hapo.

Na siku ya mtamba usimtume Masatu. Mila inakuzuia kuingia kwa mama mkwe na kumtazama usoni, haikuzuii kusikika. Simama uani, vua kofia, geukia pembeni, useme kwa sauti yako: "Mama, nilikosa." Akikutolea kiti, kaa. Asipokutolea, rudi Mugeta ukaombe mtamba wa pili.

Mama Bhoke