Upande wa Kushoto wa Mturuki

Ijumaa, 7 Februari
Mturuki kafika. Anaitwa Cemil, bondia wa uzito wa juu, jitu la miraba minne. Kocha Valerian kanichagua mie nipigane naye mazoezini mpaka siku ya pambano lake — Temeke nzima hakuna mwenye mwili kama huu wangu. Mchana tumeswali naye hapa Tandika. Imamu kutoa salamu tu, nikamnyooshea Cemil mkono, maana nilikaa kushoto kwake. Kaniacha hivyohivyo, mkono unaelea. Wa kulia kwake kampa mkono vizuri tu. Ana dharau huyu. Imeniuma.

Jumanne, 11 Februari
Alfajiri tumekimbia vilima vya Goba. Upepo mwanana, mji bado umelala. Tukakaa juu ya jiwe. Simu yake inatafsiri, basi tunaelewana hivyohivyo kwa kuungaunga. Kwao Rize, milimani, wanalima chai, mvua haikatiki. Ngumi kaanzia kwenye kubeba magunia ya chai. Mkanda wa ubingwa aliwahi kuupata, akaupoteza Ujerumani. Sasa anazeeka. Akishinda hapa, anapewa pambano Istanbul — na mie ananichukua kambini kwake! Nikafumba macho. Nikajiona kwenye theluji, koti refu, pumzi inatoka moshi. Mie, Mfaume wa Tandika. Hata ile dharau nimeshaisahau.

Jumamosi, 15 Februari
Leo ngumi zangu za kulia zinaingia tu. Kila nikirusha, imo. Valerian kanisifia, eti braza umeiva. Kichwa kikavimba. Kwenye kupumzika nikamsogezea Cemil chupa ya maji, kushoto, karibu kabisa na shavu. Hana habari. Nikaipungapunga. Hola.
Nikakumbuka msikitini. Kumbe wala si dharau. Jicho la kushoto halioni.

Jumapili, 16 Februari
Nimemuuliza. Hakubisha. Liliharibikia Ujerumani, na daktari wa kule kamwambia akiendelea na ngumi, la kulia nalo litakwenda. Kaniomba nisimwambie kocha. Na sikumwambia. Mchana nikasinzia kibarazani, nikaota theluji tena, ila safari hii namshika Cemil mkono, namvusha barabara. Nimeamka moyo mzito.

Alhamisi, 20 Februari
Naandika nikiwa zahanati, kwenye benchi. Leo wanapimwa afya, keshokutwa pambano. Cemil yuko hapa kaniegemea bega, katulia kabisa. Mpango ni wake: daktari akimziba jicho la kulia na kuonyesha vidole, mie nikohoe idadi yake. Jana nilikubali. Istanbul naitaka, Mungu anisamehe. Na huyu mtu nampenda, sitaki awe kipofu.
Daktari kachungulia mlangoni. Kasema mwenye kikohozi abaki nje. Akanitazama mie — vipi wewe, unakohoa?
Nimemjibu sikohoi, na sitakohoa.
Cemil hajaelewa tulichoongea. Anatabasamu tu. Kainuka, ananisubiri tuingie.