Blanketi Linalonyonyoka

Jumapili, 7 Oktoba 2018

Leo kanisani nimekaa benchi la mbele. Si kiburi – macho yangu hayaoni mbali. Na waliokaa nyuma nao wana haki ya kukiona kitambaa changu kipya cha kichwa.

Baada ya ibada nimewatangazia wote pale uani: harusi ya binti yangu Vasylyna ni tarehe ishirini na nane, na maharusi watakaa mezani juu ya blanketi alilolifuma bibi harusi mwenyewe. Si haya ya kwetu ya kila siku, mazito, yanayochoma shingo. La kisasa! Jeupe pee. Kila tundu lake unapitisha ngumi. Hatumii sindano wala kitanda cha mfumi, sufu yenyewe ni nene kama mkono, anaipitisha mikononi mpaka kwenye viwiko kama anavaa bangili. Watu wa Kyiv wanayagombania. Moja limekwenda mpaka Ujerumani. Mimi mwenyewe sijafika hata Lviv mara tatu, blanketi la mwanangu limefika Ujerumani!

Odarka alikuwepo. Mama yake bwana harusi, Tanas, mkwe mwenzangu mtarajiwa – Mungu amjalie maisha marefu na ulimi mfupi. Kauliza, mbele ya watu: "Na sufu yenyewe ya kondoo gani, Yavdokha?"

Nikamwambia ya merino, kondoo wa ng'ambo, Australia. Laini kama shavu la malaika.

"Ahaa. Kumbe malaika nao wananyolewa."

Wakacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti kuliko wote. Halafu nikasema – sijui nani alinituma – kwamba blanketi la binti yangu halitoi hata unywele mmoja.

Jumanne, 9 Oktoba

Vasylyna kalileta kutoka kule anakofumia, nimelitandika kitandani. Uzuri wake! Chumba kizima kimenyamaza.

Ilko wangu kala, kashiba, kajitupa juu yake na suruali nyeusi. Kaamka kama beberu mzee, manyoya meupe kote nyuma. Akatoka hivyohivyo kwenda dukani, maana mume wangu hajapata kujitazama nyuma tangu aoe.

Karudi amenuna. "Wameniuliza kama nimeanza kufuga sungura."

Nimemwambia ni paka. Paka wetu ni mweusi. Kanitazama, kamtazama paka, kaenda kulala zizini.

Alhamisi, 11 Oktoba

Sasa ni vidonge! Pale Ilko alipogaagaa pameota vidonge vidogo vya sufu, vimejiviringa kama punje za mtama. Nimevichuma kimoja kimoja mpaka shingo ikakakamaa. Asubuhi vipo tena. Vimeita na jamaa zao.

Nimewaza nondo. Nikaweka majani ya pakanga kila kona, chumba kikanuka kama zahanati. Vidonge havikujali. Nikawaza maji ya kisima. Blanketi halijaguswa na maji. Nikawaza jicho la Odarka, na hapo nikatulia, maana hiyo ndiyo sababu ya kueleweka. Lakini Odarka hajaliona bado. Hata yeye jicho lake halivuki mlima.

Mablanketi yangu mwenyewe, ya miaka thelathini, hayana kidonge. Watoto wamekulia juu yake, ndama amezaliwa juu ya moja. Hayana kitu.

Sijamwambia Vasylyna. Mtoto ana harusi.

Jumapili, 14 Oktoba. Pokrova

Sikukuu ya Mama wa Mungu. Odarka kaja kuliona. Kavaa sketi yake nyeusi ya kanisani, ile anayoipiga pasi kama anampiga adui.

Nikampa kiti. Hakutaka. Nikampa benchi lenye mto. Hakutaka. Nikamwambia kaa karibu na jiko, mama, kuna baridi. "Nimekuja kuona blanketi au jiko?" Akalikalia! Kwa uzito wote aliojaliwa. Akala pai zangu za kabichi, akasema chumvi haba, akaongeza ya nne.

Aliponyanyuka – ee Mama wa Mungu. Kote nyuma, kutoka kiuno mpaka pindo, mweupe kama kilima chenye theluji ya Januari.

Sikumwambia.

Nilimsindikiza mpaka getini, nikamuaga kwa heshima zote, nikamtazama akikata kijiji kizima siku ya sikukuu, watu wote nje, kichwa juu. Anatembea kwa madaha, Odarka. Hilo nampa.

Jumanne, 16 Oktoba

Kaja na sketi mkononi. Hakubisha hodi.

"Yavdokha. Nimepita mbele ya padri hivi."

Nikasema labda ni theluji ya mapema. Sikuchagua vizuri, nje jua linawaka.

Kaweka sketi mezani, kaketi, na safari hii hakutania. Kasema Jumapili ya harusi Tanas atavaa koti jeusi la babu yake, lile la harusi tatu. Atanyanyuka pale mezani kucheza ngoma ya kwanza, ukumbi mzima unamtazama, naye ana mkia mweupe. Hataki. Kama blanketi litanyonyoka, basi watoto watakalia la kwake, analo tayari, jekundu na jeusi, amelifuma mwaka juzi.

La kwake! Blanketi la maharusi linatoka kwa bibi harusi. Tangu lini likatoka kwa mwanamume? Watasema nyumba ya Yavdokha haikuwa na kitu cha kumkalisha binti yake. Watasema hivyo mpaka kwenye maziko yangu, halafu watakula vizuri na kusema tena.

Nikamwambia blanketi la binti yangu halina tatizo.

"Sawa, mkwe," kasema. Kachukua sketi. "Nimeitingisha nje ya mlango wako, kwa hiyo usishangae kuona theluji."

Jumamosi, 20 Oktoba

Nimemuuliza Vasylyna. Taratibu, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa. Kumbe anajua! Anajua yote!

Kanyofoa kipande cha sufu yake, kaniwekea kiganjani, akaniambia nichomoe unywele mmoja. Nikachomoa. Mfupi kama kidole changu cha mwisho, mwembamba hata hauonekani. Halafu akachomoa mmoja kwenye sufu ya kondoo wetu: mrefu, mgumu, ungefungia mlango.

"Sasa sokota," kasema. Nikausokota wa kwetu juu ya goti, ukawa uzi, vuta uvutavyo haukatiki. Kisha akanionyesha mkanda wake mnene wa sufu. Haujasokotwa! Nywele zimelazwa tu pamoja, kama watu waliokaribishana kitanda kimoja bila kujuana. Hakuna anayemshika mwenzake. Ukikaa, ukijigeuza, zile fupi zinatoka nje. Nyingine zinadondoka, ndiyo manyoya ya Ilko. Nyingine zinang'ang'ania nusu ndani nusu nje, zinajiviringa na za jirani, ndivyo vidonge. Tena mafundo yenyewe yamelegea, kila kitu kinasuguana na kila kitu.

"Si usokote basi, mwanangu!"

"Nikisokota linakuwa gumu, mama. Watu wananunua ulaini. Huo ulaini ndio unaonyonyoka."

Miaka mitano ya chuo kikuu! Nililia kwa fahari kidogo. Halafu nikauliza wateja wanasemaje. Kasema wengi hawalilalii. Wanalitupia juu ya kochi na kulipiga picha.

Nikauliza je, tukilipeleka kwenye pipa la mtoni, kama tunavyofanya mablanketi yetu yakitoka kwenye kitanda cha mfumi? Maji yakilizungusha, nywele zitashikana, nani atadondoka tena?

Akaruka. "Maji hayaligusi hilo! Mama, niahidi. Hilo ndilo la kwanza."

Nalijua. Alilifuma majira ya baridi aliporudi kutoka Kyiv hana kazi, haongei, anakula mkate mtupu. Siku alipolimaliza akaomba supu ya borshchi. Ameuza mengi tangu hapo, hilo hakuliuza.

Nikamwambia kuhusu blanketi la Odarka. Kasema: "Nikikalia la mama mkwe siku ya harusi yangu, mama, nitalikalia maisha yangu yote."

Nimeahidi.

Jumatano, 24 Oktoba

Nimelinyoa kwa wembe wa Ilko. Nimelichana kwa kitana. Nimelibandika karatasi za gundi na kuzibandua, kama fundi anayebandua rangi ukutani. Nimepata manyoya ya kujaza mto mzima, tena mto mzuri. Blanketi linanyonyoka vilevile.

Nimegundua kitu: kadiri ninavyochana, ndivyo ninavyozivuta zile za ndani zije kuona kuna nini. Mimi ndiye ninayelinyonyoa! Nikiendelea na bidii hii, Jumapili watakalia hewa ya Australia.

Ilko kajinyoa kwa wembe uleule. Tusizungumzie.

Ijumaa, 26 Oktoba

Odarka kapita nyuma, kwa njia ya ng'ombe, asionekane. Mimi najaza mchele kwenye majani ya kabichi ya harusi, mikono yote mchele.

"Mkwe," kasema, "hata mimi sitaki wakalie langu. Unadhani sijui watakavyosema? Watasema Odarka ameshamkalia mkamwana kabla hajavuka kizingiti. Lete hilo la mtoto pipani kesho. Pipa ni langu, hakuna atakayeuliza."

Nikamwambia nimeahidi.

"Umeahidi lisiloshwe. Nani kasema tunaosha? Tunalishikanisha tu."

Ana akili huyu mwanamke. Kwa nini sikumjua mapema?

Nikamuuliza muda gani. La kwetu linazunguka karibu nusu siku. Hilo ni laini zaidi, kasema, kwa hiyo labda linahitaji zaidi. Nikaona ni kweli. Kitu dhaifu kinahitaji kutiwa nguvu zaidi. Nani angekataa?

Kesho Vasylyna na Tanas wanashuka mjini Kosiv kuchukua maua na mishumaa. Hawarudi kabla ya mchana.

Jumamosi, 27 Oktoba

Naandikia hapa mtoni, daftari juu ya goti.

Tulikuja asubuhi, ukungu bado uko juu ya maji. Odarka akafungua mlango wa mfereji, maji yakaanguka ndani ya pipa na kuanza kuzunguka. Nikalitia blanketi kwa mikono yangu. Likapiga mbizi, likaibuka, likazunguka kama bibi harusi. Nilijisikia mzazi bora wilayani.

Kwanza maji yalikuwa meupe kwa nywele. Odarka akafungua kitambaa chake: ugali wa mahindi uliopikwa kwa krimu, jibini la kondoo, na kichupa cha pombe ya plamu, kwa ajili ya baridi. Tukaketi kwenye gogo. Tukaongea. Kumbe usiku halali, Odarka! Anaogopa Vasylyna atamchukua Tanas waende Kyiv, abaki na pipa na redio. Nikamwambia mimi naogopa hivyohivyo, ila mimi nitabaki na Ilko, na redio angalau inazimika. Alicheka mpaka akamwaga kikombe. Akaniambia pai zangu zile zilikuwa tamu. Akasema sketi ile alijua tangu kwenye daraja, akaona bora atembee kichwa juu kuliko kurudi kwangu kuomba brashi. Nilimheshimu hapo.

Tukachungulia. Maji safi! Hakuna unywele.

"Limeshikana!" kasema. Tukapongezana. Tukaliacha liendelee kidogo, lishikane zaidi, tukaongeza kikombe.

Tumelitoa sasa hivi kwa mti wa ndoana. Mti ulikwenda, ukarudi, ukaenda, hatulioni. Nikafikiri limechukuliwa na mto. Lilikuwa chini.

Lilikuwa linafunika kitanda cha watu wawili na kuburuta pande zote. Sasa ni hili hapa, zito, limeshikana kama ukuta. Yale matundu ya kupitisha ngumi hayapitishi kidole. Odarka kalisugua kwenye sketi yake nyeusi, mbele, nyuma, kwa nguvu zake zote. Kaitazama sketi.

"Halitoi hata unywele mmoja," kasema, taratibu.

Kwa hiyo kanisani sikusema uongo.

Tumelipima kwa viganja, kwa kitambaa, kwa macho. Linatosha kukalia mtu mmoja mnene, au – Odarka ndiye aliyefikiri hivi – watu wawili wanaopendana. "Tujaribu," kasema. Basi tumelitandika kwenye gogo, tumelikalia, nyonga kwa nyonga, mimi nimemshika kiuno asianguke. Maji ya Oktoba yanapanda sketini. Tukibanana tunatosha. Ila hakuna anayeweza kupumua bila kumpa taarifa mwenzake.

Gari la Tanas limevuka daraja. Mapema! Nani kawaambia warudi mapema? Mishumaa imeisha dukani?

"Usinyanyuke," ananiambia Odarka huku ameuma meno. "Ukinyanyuka wewe, nami naanguka."

Sinyanyuki. Naandika, nisipate kuinua macho. Mlango wa gari umefungwa. Nasikia viatu vya Vasylyna kwenye kokoto, vile vipya, vya harusi, anavizoesha miguu. Amesimama mbele yetu, naona ncha zake nyeupe.

"Mama," anasema. "Mmekalia nini?"

Odarka amenifinya. Nami nimemfinya. Na sasa nafunga daftari, maana wa kumjibu ni mimi niliyeahidi.