Mpini Uliokwisha Mara Tatu

Mume wangu mdogo,

Anayeandika ni shangazi yako, maana mimi na kalamu hatujawahi kujuana. Nimemwambia asipunguze neno.

Sisi wazima. Paa la karakana limezibwa, halivuji tena. Babu yako bado anakereza mipini ya fimbo za kuvulia samaki, kila mmoja kwa kipimo cha kiganja cha mwenyewe. Wako ameumaliza. Ameumaliza mara tatu. Akishaupiga msasa na kuupaka mafuta, kesho yake anafunga kipande kingine cha mti kwenye mashine, ananiambia, "Bibi wee, yule mtoto sijamtengenezea mpini."

Usianze kulia, bado sijamaliza.

Juzi alikuja fundi saa, mteja wake wa miaka na miaka. Babu akamtazama kama anayetazama ukuta. "Huyu nani?" Mzee wa watu akaona haya, akampa mkono wa kuaga. Babu akaushika, akauminyaminya, akaangua kicheko. "Fundi saa! Wewe mpini wako niliunenepesha kwa ajili ya hili dole gumba lako bovu!" Wakazungumza mpaka chai ikapoa.

Jana nikamwonyesha picha yako. Akasema kijana mzuri, wa nani?

Kwa hiyo habari za kusubiri likizo ya mwisho wa mwaka ziache. Njoo mwezi huu. Ukifika usijitambulishe, utamtia aibu bure. Mpe mkono, umwachie aushike mpaka atosheke.

Ni mimi bibi yako, ninayekupenda hata ukininunia.