Mluzi wa Mama Uwanjani

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani, nikitumaini zitakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto. Mimi sijambo. Kikohozi kimeniachia na chakula kinapita. Baba bado yuko wodini, anapumua kwa msaada wa mashine, ila bado anaongea, akili zake ni timamu na ubishi wake uko palepale. Daktari anasema hali yake inaweza kugeuka wakati wowote, kwa heri au kwa shari.

Shangazi amenieleza kwamba umeapa hutampigia baba simu, kwa sababu alitoka kwenda kushangilia kombe ilhali ulimlilia abaki ndani. Eti umesema anataka kumfuata mama kaburini kwa ajili ya mpira. Dada, nimeumia. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika popote, nakujua.

Kazi yangu unaijua, fundi wa sauti pale uwanjani. Tangu mikusanyiko ipigwe marufuku kwa ajili ya ugonjwa huu, mechi zinachezwa viti vikiwa vitupu na kelele naziweka mimi. Nina rekodi ya fainali ya zamani, siku uwanja ulipofurika. Timu ikifunga nabonyeza shangwe, ikikosa nabonyeza mguno. Mwanzoni wachezaji walinicheka. Baadaye nikawaona wakifunga bao wanakimbilia jukwaa tupu na kupunga mikono, na wanakaa pale kidogo kana kwamba wanapungiwa. Mlinzi naye akagoma kupita jukwaa la mashariki, akidai viti vya kule vina joto la watu. Nilimtania sana. Kisha siku moja nikaweka kiganja juu ya kiti kimoja, na tangu hapo nami nazungukia nje.

Wengi waliopiga kelele zile tumeshawazika. Mama pia alikuwemo uwanjani siku ile, na mluzi wake wa vidole viwili, ule ambao shangazi alisema haumfai mwanamke mwenye watoto, na baba akamjibu kwamba ndio uliomfanya aoe. Kwenye maziko yake tulikuwa baba na mimi tu, pamoja na wazikaji waliojifunika nguo nyeupe gubigubi. Wewe mipaka ilikufungia huko. Baada ya hapo kila mechi baba alikaa mbele ya runinga, sikio karibu na spika, akiusubiri mluzi huo. Aliponiuliza mbona hausikiki, nilimjibu kwamba runinga inameza sauti nyembamba, ila mtu akiwa pale uwanjani anausikia vizuri kabisa. Akaniamini.

Ikafika fainali. Mashabiki waligawanyika. Kiongozi wao, tunayemwita Tarumbeta, alisema tumelia vya kutosha, watu waachwe wafurahi pamoja japo kidogo. Muuguzi wa mtaani kwetu alimjibu kwamba yeye ndiye atakayewafumba macho hao waliofurahi. Walibishana mpaka povu likawatoka, mwishowe wakaafikiana kwamba kila mtu ashangilie dirishani kwake, nami nielekeze vipaza sauti mtaani ili shangwe iwafuate nyumbani. Tuliona ni wazo la maana. Hata muuguzi alitupongeza.

Tukashinda, nikabonyeza.

Dada, watu walijua ni rekodi. Lakini kila aliyefungua dirisha alisikia ndani ya shangwe ile sauti ya mtu wake. Nilichungulia kutoka kwenye chumba changu cha mitambo nikawaona wanatoka, mmoja hapa, wawili pale, mpaka barabara ikajaa. Wengine walikuwa na ndala, wengine na kanga za kulalia. Magazeti yameandika kwamba mashabiki walikaidi amri wakaja kusherehekea. Ni uongo. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyepuliza chochote. Walisimama wamebanana, wameuelekea ukuta wa uwanja, kimya, wakiusikiliza uwanja mtupu unavyopiga kelele. Tarumbeta alikuwa analia. Polisi waliokuja kuwatawanya walivua kofia, wakasimama nao.

Nikamwona baba. Nilishuka mbio hata mashine sikuizima. Nilimkuta ameegemea ukuta, barakoa iko kidevuni. Nilimshika mkono nimrudishe nyumbani, akaninyamazisha, akaniambia mama ndiyo kwanza anaanza. Nami nikausikia. Ulipanda polepole, mrefu, ukakatika juu kama ulivyokuwa unakatika siku zote. Ndipo ulipopiga simu yako. Baba alipokea, akainua tu simu juu ili nawe usikie. Ukakata.

Sasa nikwambie ambalo baba halijui. Baada ya maziko sikuweza kufanya kazi ule mluzi ukilia masikioni mwangu. Nilikaa na ile rekodi, nikausaka kila ulipokuwa, nikaufuta wote. Niliona aibu kumwambia, ndiyo maana nikaisingizia runinga. Baba hakutoka kwa ajili ya kombe, Dada. Alitoka kwenda kutafuta kitu nilichokifuta kwa mkono wangu, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia kipo. Kama ni lawama, nibebeshe mimi. Na tangu siku ile nimeirudia rekodi mwanzo hadi mwisho, mara nyingi kuliko inavyofaa. Mluzi haumo.

Baba haombi umsamehe. Ana swali moja tu, anamuuliza kila muuguzi anayeingia kama umepiga. Anataka kujua iwapo, kabla hujakata, uliusikia. Mpigie, Dada, mpigie leo. Kama hukuusikia, nakusihi umdanganye. Na kama uliusikia, mwambie yeye peke yake. Mimi usiniambie, kwa sababu kesho nina mechi.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja kwa niaba ya mjomba wao. Shangazi, aliyemkasirikia baba kama wewe, anakusalimu, na hasira zimemwisha.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba wa mama.